Karatasi Inasema Vidonda vya Tumbo, Nani Aliviona?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Baadhi yenu mlinisikia nikilisema hili Nansio, wengine mkanisikia tena Sengerema, na leo hapa Mwanza nalirudia. Mwezi huu pia wameletwa wagonjwa waliokwisha kutapika damu mara mbili, mara tatu, kila mmoja na karatasi yake mkononi imeandikwa "vidonda vya tumbo". Nami nauliza swali lilelile: nani aliviona? Hakuna aliyeviona. Mtu alishika tumbo, akaambiwa jina la ugonjwa, akapewa tembe.

Kwetu "vidonda vya tumbo" limekuwa jina la kila maumivu kuanzia chembe ya moyo mpaka kitovuni. Ukiungua kifua, vidonda. Ukijaa gesi, vidonda. Ukitapika damu, basi ni vidonda vilivyokomaa. Damu ikishatoka mdomoni, ndugu zangu, haina alama ya kukuambia imetoka wapi. Lazima mtu aende akaangalie ndani, kwa mpira wenye kamera unaomezwa.

Kuna kijana mmoja nitamweleza kwa urefu, mnivumilie. Ni mvuvi wa dagaa kutoka visiwani, umri miaka 34, ziwani tangu akiwa na miaka 14. Usiku yuko na karabai, asubuhi yuko majini hadi kiunoni anavuta mtumbwi mwaloni. Mara ya kwanza alitapika damu nyumbani. Duka la dawa wakampa omeprazoli, tembe za kupunguza asidi ya tumbo. Damu ikakoma yenyewe, akaamini dawa imefanya kazi. Baada ya miezi mitano akatapika tena, sasa yumo ndani ya mtumbwi, wenzake wakageuza usiku uleule. Zahanati wakamwongezea tembe zilezile na kumwambia aache pilipili na mawazo. Pale nyumbani wengine wakasema amerogwa, na mbuzi wawili wakaenda kwa mganga. Mara ya tatu mama yake akamleta kwetu. Kijana mweupe kiganja, ulimi mweupe, wingi wa damu 5 tu, yaani chini mno. Mama ananiambia, "Daktari, mwanangu amemaliza makopo ya dawa, vidonda haviponi."

Tukamwongezea damu kwanza. Hilo nalitaja kwa ajili ya matabibu mlioko hapa: mgonjwa hapelekwi kwenye kamera huku anazirai. Damu, maji, presha itulie, ndipo mpira.

Sasa mpira wenyewe, maana najua mnauogopa. Unene wake ni kama kidole cha mwisho, urefu kama mita moja, unapinda, na nchani una taa na kamera ndogo. Tulimpulizia kijana ganzi kooni, chungu kidogo, halafu koo likawa kama si lake. Akalala ubavu wa kushoto, akang'ata kile kiplastiki chenye tundu, muuguzi akamshika bega na kumwambia, "Meza, mdogo wangu, kama unameza tonge." Alitaka kutapika mara mbili, machozi yakamtoka, kisha akatulia. Nikatazama kioo.

Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa mtu mwenye afya huwa laini, rangi ya waridi iliyopauka. Wa yule kijana ulikuwa na mishipa minne imesimama kutoka chini kupanda juu, ya bluu, imejikunja kama kamba ya nyavu iliyolowa, na juu ya mmoja wao kulikuwa na michirizi myekundu. Ile michirizi ndiyo mahali ukuta umekonda na unataka kupasuka. Nikashuka tumboni, nikageuza kamera ikatazama juu, nikaingia mwanzo wa utumbo mdogo. Hapakuwa na kidonda hata kimoja. Miezi yote ile alikuwa akimeza dawa ya kupunguza asidi, na asidi haikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa la kichocho cha tumbo, ugonjwa wa minyoo wanaotoka kwa konokono wa majini na kumwingia mtu kupitia ngozi. Nyie ni watu wa ziwa, habari za konokono mnazijua, sitazirudia. Ila hiki wengi hamkijui: wale minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na wanaweza kuishi humo miaka. Mayai mengine hutoka na choo, mengine hubebwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama huko. Yanapokwama, ini linaweka makovu kuzunguka mishipa. Damu inayotoka utumboni inafika kwenye ini na kukuta barabara imezibwa, hivyo inatafuta njia ya panya. Bandama linavimba, na vijishipa vidogo vya umio, ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo ule, vinatanuka mpaka vinapasuka. Omeprazoli itafanya nini hapo?

Kwa mpira uleule tulimtibu. Unafungwa kifuniko kidogo nchani chenye pete za mpira. Unavuta mshipa uingie kwenye kifuniko, unaachia pete, inaukaba shingoni. Mshipa unanyauka, na baada ya siku kadhaa pete inadondoka na kutoka na choo. Siku ile tulifunga pete sita. Akaenda na propranololi ya kushusha msukumo wa damu, na prazikwanteli ya minyoo. Alirudi kila baada ya wiki tatu, mara nne, mpaka mishipa ikaisha. Ini la mgonjwa wa kichocho mara nyingi huendelea kufanya kazi yake kwa muda mrefu. Kinachomuua ni kuvuja damu. Huyu ukimziba anaishi! Ndiyo maana nakasirika nikimwona wa namna yake anakufa na kopo la tembe mfukoni.

Najua mtu atasema, "Daktari, mbona nilipigwa ultrasaundi?" Vizuri, na kwa kichocho inasaidia sana, inaonyesha makovu ya ini na ukubwa wa bandama. Lakini haikuonyeshi ngozi ya ndani ya umio, wala haifungi mshipa. Mwingine ataniambia mpira unaleta maradhi ya mwenzako. Mpira husuguliwa kwa brashi ndani na nje baada ya kila mgonjwa, ukaoshwa kwa sabuni maalumu, ukalowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Una haki ya kuuliza kama wamefanya hivyo. Uliza. Wa gharama nakubaliana naye, ni kikwazo kweli, na ni aibu kwamba mtu wa kisiwani avuke kwa kivuko na alale mjini siku mbili kwa kipimo cha dakika kumi. Hilo nimewaeleza wakubwa na nitaendelea kuwaeleza. Hata hivyo hesabuni na zile tembe za mwaka mzima, na wale mbuzi.

Sisemi kila mwenye kiungulia ameze mpira. Kijana asiye na dalili za hatari anaweza kupimwa kinyesi kutafuta bakteria wa tumbo wanaoleta vidonda, na kutibiwa. Na haya ya pilipili na mawazo tuyaache: mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alitazamwa tumbo kwa kamera, likawa zima, akanywa bakteria hao, na siku chache baadaye kamera ikaonyesha tumbo limeungua. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Lakini chakula kinakwama, unapungua uzito, damu inapungua bila sababu, unatapika damu, choo cheusi kama lami? Hapo hakuna kubahatisha.

Naonyeshwa saa. Basi harakaharaka: chakula kukwama. Ukanda wetu wa mashariki, kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini, una saratani ya umio nyingi. Wagonjwa wanaanza kukwama na ugali, wanahamia uji, wanakuja kwetu hata mate hayapiti. Njooni kwenye ugali. Daktari atachukua kinyama kidogo kwa mpira, kikapimwe. Na chai iacheni ipoe: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 yamkini vinasababisha saratani hiyo. Ya utumbo mpana na damu kwenye choo nilitaka kuyasema, muda haupo.

Naam, mama wa pale nyuma, nimeuona mkono. Sema kwa sauti.

Mume wako. Choo cheusi tangu juzi. Anatumia vidonge vya kuongeza damu? Hatumii. Anaona kizunguzungu akisimama? Anaona. Yuko wapi sasa hivi? Basi mama, tusiendelee na maswali. Mpigie simu, asile chochote, asipande pikipiki, atafutiwe gari aletwe sasa hivi. Muuguzi huyu hapa anatoka na wewe.