Jengo la Barabara ya 13: Kansas City na mpira wa kikapu wa vyuo

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, na nyinyi vijana wa viti vya nyuma, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya mji huu uliotupokea, nikaambiwa nichague mada. Nimechagua jengo.

Wengi wenu mnalipita kila siku. Basi likiingia katikati ya mji, kwenye Barabara ya 13, kuna jengo kubwa la mawe ya chokaa, kuta pana, madirisha ya kuhesabu. Mwanangu tulipofika alidhani ni jela. Lile ndilo Municipal Auditorium. Hakuna ukumbi mwingine Marekani uliochezewa fainali nyingi za mpira wa kikapu wa vyuo vikuu kwa wanaume: tisa, kati ya 1940 na 1964.

Lilijengwa katikati ya miaka ya 1930, wakati uchumi wa nchi hii uko taabani na watu wanatafuta kibarua chochote. Wapiga kura walikubali mji ukope fedha ujenge. Bwana mkubwa wa siasa za hapa alikuwa Tom Pendergast, naye, kwa bahati njema, alikuwa na biashara ya zege. Naona mnacheka, hadithi hii mnaijua kwa majina mengine. Mwaka 1939 alifungwa kwa kukwepa kodi. Yeye akaenda, jengo likabaki.

Mwaka huohuo NCAA, chama cha michezo cha vyuo, kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya mpira wa kikapu. Fainali ilichezwa Evanston, karibu na Chicago, ikaleta hasara. Kocha wa Chuo Kikuu cha Kansas, Phog Allen, akasema ileteni kwetu. Chuo chake kiko Lawrence, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa. Kansas City ilikuwa na ukumbi mpya na stesheni kubwa ambako njia za reli za mashariki na magharibi zinakutana, na zama hizo timu zilisafiri kwa treni. Fainali ya 1940 ikachezwa hapa. Indiana wakawachapa vijana wa Allen mwenyewe 60 kwa 42. Aliyeomba sherehe akafungwa mbele ya wageni wake, ila safari hii mfuko ulijaa.

Fainali zote tisa sitazisimulia, tutalala hapa. Mchezaji Bill Russell alitwaa ubingwa wa 1955 kwenye sakafu ile akiwa na Chuo Kikuu cha San Francisco. Kocha John Wooden wa UCLA, chuo cha Los Angeles, alipata hapa ubingwa wake wa kwanza, 1964, baada ya msimu wa michezo 30 bila kupoteza hata mmoja. Ila ya 1957 lazima niisimulie.

Kansas walikuwa na Wilt Chamberlain, mita 2 na sentimita 16, na ukumbi umejaa watu wao. Wapinzani wao, North Carolina, walikuwa hawajafungwa msimu mzima, lakini usiku uliotangulia walikuwa wamecheza nusu fainali yenye vipindi vitatu vya nyongeza. Miguu imekwisha. Mpira wa kwanza ulipokuwa unarushwa juu, kocha wao, Frank McGuire, akamtuma katikati Tommy Kearns, mchezaji wake mfupi kuliko wote walioanza. Kijana wa mita 1 na 80 anasimama uso kwa uso na kifua cha Wilt! Hakutarajia kuupata ule mpira, na hakuupata. McGuire alitaka Wilt ajione kichekesho.

Mchezo ukaisha sare. Nyongeza ya kwanza, sare. Ya pili, sare. Ya tatu, zimebaki sekunde 6, Kansas wako mbele kwa pointi moja, Joe Quigg wa Carolina anapewa mitupo miwili huru. Anaingiza yote. Kansas wanarusha pasi ndefu kumtafuta Wilt, Quigg huyohuyo anaigusa, mpira unamwangukia Kearns. Kearns hakukimbia nao wala hakutoa pasi. Aliurusha juu kwa nguvu zake zote, kuelekea darini. Wakati unapanda na kushuka, saa ikaisha. 54 kwa 53.

Baada ya 1964 mashindano yakawa makubwa kuliko ukumbi. Tulijenga Kemper Arena kule West Bottoms, karibu na yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe wa mnada, na 1988 fainali ikarudi: Kansas, waliokuwa wamefungwa mara 11 msimu ule, waliwatoa Oklahoma 83 kwa 79, Danny Manning akiwa na pointi 31. Ndiyo ya mwisho kwa wanaume hapa. Siku hizi fainali huchezwa kwenye viwanja vikubwa vya futiboli ya Kimarekani vyenye paa, na wetu, Arrowhead, hauna paa. Hata makao makuu ya NCAA, yaliyokuwa kwetu, yalihamia Indianapolis 1999.

Watu wa hapa hilo linawauma. Mimi haliniumi sana, kwa sababu nadhani wanahesabu fainali zisizo zenyewe.

Tangu 1937 ukumbi uleule ulikuwa na mashindano mengine, ya vyuo vidogo, yale tunayoyaita leo ya NAIA. James Naismith mwenyewe, mzee aliyebuni mchezo huu 1891, alishiriki kuyaanzisha. Yalipokua zikawa timu 32, wiki moja, ukumbi mmoja, michezo toka asubuhi hadi usiku. Lakini wachezaji weusi walipigwa marufuku. Mwaka 1947 Wooden, wakati huo kocha wa Indiana State, alikataa mwaliko kwa sababu hiyo. Mwaka uliofuata vyuo vikabana, marufuku ikaondolewa, na Clarence Walker, mchezaji wa Wooden, akawa mweusi wa kwanza kucheza pale. Lakini kulala hoteli moja na wenzake hakuruhusiwa. Alilala nyumbani kwa watu.

Kisha akaja John McLendon na chuo cha weusi cha Tennessee A&I. Alipoalikwa Kansas City 1954 alitoa sharti: vijana wake walale na kula katika hoteli zilezile za katikati ya mji kama timu nyingine. Akakubaliwa. Machi 1957 wakachukua ubingwa wa NAIA, chuo cha kwanza cha weusi kutwaa taji la taifa la mpira wa kikapu lililoshindaniwa na vyuo vya rangi zote. Wakalichukua tena 1958 na tena 1959.

McLendon alisomea Chuo Kikuu cha Kansas, na Naismith alikuwa mwalimu wake. Alifundishwa mchezo na aliyeubuni, lakini timu ya chuo haikumruhusu kucheza, kwa rangi yake. Sasa rudini kwenye Machi ile ya 1957: vijana wa McLendon wanapokea kombe lao, na kabla mwezi haujaisha Kansas, chuo kilichomnyima jezi, wako kwenye sakafu ileile wakimtegemea Wilt Chamberlain.