Si kila tumbo inayovimba ni karuho

(Mazungumzo niliyotoa kwa bainfirmiye na bazazi, katika salle ya parokia, Bukavu)

Asanteni sana bamama na babaa, na nyinyi bainfirmiye mulioshuka toka Kadutu na hii mvua yote. Leo nazungumza juu ya kisti ya mesenteri, mufuko wa maji unaoota ndani ya ngozi inayoshika utumbo. Mutoto akivimba tumbo, mbele ya kusema karuho, ile sumu banasema mutu amelishwa kwa siri, na mbele ya kutia sindano, mumulaze na mumushike ile tumbo na mikono yenu.

Kulikuwa mutoto mmoja musichana wa miaka 6. Tumbo ilianza kuvimba polepole, haiumi sana, anakula anacheza, lakini nyumbani bakasema amelishwa karuho, bakamupeleka kwa mutu wa dawa akatapishwa siku tatu mpaka akabaki mifupa. Kisha kwa kituo kimoja cha afya bakasema ni asiti, maji inayojaa ndani ya tumbo, bakamutoboa, ikatoka maji nyeupe kama maziwa, tumbo ikashuka na kila mutu akafurahi. Kisha miezi miwili ikarudi, bakatoboa tena. Alipofika kwangu nilimulaza, mukono moja kuume, ingine kushoto, nikasukuma, ile kitu ikateleza toka upande huu mpaka ule. Nikasukuma juu na chini, ikakataa.

Hii alama inaitwa ya Tillaux, munganga wa Paris ambaye mu 1880 alipasua kisti ya namna hii na mugonjwa akapona. Na ugonjwa wenyewe si wa jana, Benivieni wa Florence aliuandika katika kitabu chake kilichotoka 1507, yeye akiwa amekwisha kufa.

Mbona inateleza hivyo? Wenye kuchinja mbuzi munaijua ile ngozi nyembamba yenye mafuta na mishipa, inashika utumbo wote na ukiivuta inafunguka kama marinda. Ngozi ile njo mesenteri, nayo imefungwa mugongoni kwa mustari wa mushazari, toka juu kushoto kushuka mpaka chini kuume, ndiyo sababu kitu kilichoota ndani yake kinayumba kando kando na hakipandi. Mara mingi kisti inatokana na vijia vya limfu, ile maji ya mwili isiyo damu, ambavyo havikupata pa kumwaga maji yao, maji inajikusanya miaka na miaka, na ikichanganyika na mafuta ya chakula inakuwa nyeupe. Si sumu. Hakuna jirani aliyeiweka pale, nawaomba sana mulisikie hilo.

Ni adimu kweli, banahesabu kama mugonjwa 1 kwa bakubwa 100,000 banaoingia hospitali, kwa batoto 1 kwa 20,000. Kwa hiyo munganga mwenyewe anaweza kusahau kuiwaza, anawaza asiti, tibi ya tumbo, kisti ya ovari, na kwa binti mukubwa lazima kwanza teste ya mimba. Mulaze mugonjwa ubavu na mugongagonge tumbo: maji ya asiti inahamia chini, ya kisti inabaki pale pale. Ekografi inaonyesha mufuko wa maji, mara ingine na vyumba ndani, umesukuma utumbo pembeni. Kwa asiti utumbo unaelea ndani ya maji. Skaneri ikipatikana ni vizuri, inasaidia kujua imeshikana na nini, lakini isipopatikana ekografi nzuri inatosha kuanza.

Sasa ile sindano. Ukivuta maji, ukuta wa kisti unabaki na unatengeneza maji ingine, tena unaweza kuingiza mikrobu. Na kama ilikuwa kisti ya ekinokoki, munyoo mutu anaupata toka kwa mbwa, kuitoboa bila kujua kunaweza kumwaga mbegu tumboni na kuleta shoki ya alerji, mugonjwa akafia mikononi mwenu. Musitoboe!

Dawa yake ni kupasua na kuitoa yote na ukuta wake. Mara ingine, sana kwa batoto, tunakata na kipande ya utumbo kwa sababu vyote viwili vinakunywa damu kwa mishipa ile ile, kisha tunaunga. Kisti yenyewe tunaituma anapatolojia, laboratwari inayopima nyama iliyokatwa, hata kama inaonekana safi, maana chache, karibu 3 kwa 100, zinakuwa na kansa. Na maumivu yakianza ghafla, kutapika kijani, homa, hapiti choo wala upepo, hapo musingoje ekografi ya kesho, inaweza kuwa imejikunja ama imepasuka, mumulete usiku ule ule.

Mama pale nyuma ananyoosha mukono... anauliza kama yule mutoto atazaa. Ndiyo mama, atazaa, kizazi hatukukigusa. Tulitoa na kipande ya utumbo ya urefu wa kidole, na siku ya tano aliomba bugali.