Bwawani Uingereza, mchana wa kijivu

Mbukwa, watu wangu wa Dodoma! Msiguse mwanga wa simu zenu, rangi ndiyo hii hii. Ni saa sita mchana, Desemba, niko bonde la Derwent, kwenye milima ya Peak District. Jua lenyewe hamlioni, na kabla ya saa kumi jioni litakuwa limeshazama.

Ukuta ule wa mawe nyuma yangu ni bwawa la Derwent, lilikamilika 1916. Nimekuja kutazama ndege. Ndiyo, kutazama tu. Bibi aliponiona kwenye video na darubini shingoni akauliza, "Mjukuu wangu, huko nako kuna mtama?" Ana haki. Sisi tumekua tukiwinga kwelea mashambani. Ndege ukimtazama sana ujue unamtafutia jiwe.

Sasa angalieni maji. Matupu! Bata wachache kule katikati, na mnandi mmoja juu ya jiwe anaanika mabawa kwenye ukungu, sijui anategemea yakauke na nini. Maji haya yanashuka kutoka milimani, yanapita kwenye udongo mweusi wa majani yaliyooza, yanafika hapa rangi ya chai ya rangi. Yana tindikali, hayana rutuba. Halafu kingo zinashuka ghafla kwenye kina kirefu, hakuna tope la kupekua. Ndege ale nini?

Ngoja, ngoja... yule pale! Bata anayeitwa goldeneye, yaani jicho la dhahabu! Dume, mweupe kwa mweusi, jicho la njano, doa jeupe shavuni. Kazama. Hawa wengi hutoka Skandinavia, kwao maji yakiganda wanakuja hapa kupata joto. Joto! Mimi vidole sivisikii.

Kapotea. Kumbe kaibukia kule mbali.

Lakini anayenifanya niwakumbuke nyie ni ndege ambaye leo hayupo. Kitwitwi. Majira ya joto anazaa kwenye kingo za mabwawa haya haya, ikifika Agosti ameshaondoka. Wa Uingereza wengi huelekea Afrika Magharibi. Wanaofika kwetu hutokea mashariki zaidi, hadi upande wa Urusi. Maana yake, wakati huu mimi natetemeka hapa, ndugu zake wako bwawa la Hombolo, huko kwetu Dodoma, wanatembea kwenye tope.

Kwa kweli, kwa ndege, Hombolo inalipiga bwawa hili kwa mbali. Maji ya kina kifupi, tope, wadudu, na kwenye kinamasi cha Bahi nako mvua zikikolea panajaa. Huku watu wanaendesha gari masaa kuja kumwona bata mmoja. Nyie mnapita na bodaboda mkienda kununua samaki, hata hamgeuki.

Kwa hiyo wa Hombolo, kazi yenu hii: nendeni ukingoni asubuhi, jua halijawa kali. Mtafuteni mdogo wa kahawia, tumbo jeupe, weupe umepanda mbele ya bega, mkia hautulii, juu chini, juu chini. Mpigeni video mnitumie. Bibi, na wewe mtume mtu.

Betri inakata, baridi imeila. Nahamia bwawa la chini.