Kuchonga Samaki Kabla Ziwa Halijaganda

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Minnesota, kabla ya msimu wa baridi

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, na vijana mliokuja, habari za jioni.

Tangu itangazwe kwamba nitazungumzia uvuvi wa mkuki kwenye barafu, karibu kila aliyenipigia simu ameniuliza kuhusu mkuki wenyewe: unauzwa wapi, una uzito gani, unarushwaje. Nitaufikia mkuki. Ila muda mkubwa wa jioni hii nitaupeleka kwenye kipande cha mti, kile tunachokichonga kuwa samaki wa kumvuta samaki wa kweli, maana msimu wetu, kwa ninavyouelewa, huamuliwa mwezi huu wa Oktoba kwenye meza ya useremala, maziwa yangali maji matupu.

Sababu ni hii. Mvuvi wa ndoana akimpata samaki asiyeruhusiwa humtoa ndoana, humrudisha majini, yamekwisha. Samaki aliyechomwa mkuki harudishwi. Kwa hiyo kila uamuzi lazima uwe umekamilika kabla mkono haujaachia: ni samaki wa aina gani, ana urefu gani, yuko kina gani, ameelekea wapi. Kinachokupa nafasi ya kuyajua hayo yote ni samaki wa mbao anayeogelea vizuri. Asipoogelea vizuri, samaki wa kweli atapita kama kivuli, na wewe utalazimika ama kumwacha ama kubahatisha. Kubahatisha kwa mkuki ni kuua ovyo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia kwenye kibanda cha giza, nieleze kidogo. Ni kibanda kidogo cha mbao au turubai nzito, hakina dirisha, na kila upenyo umezibwa. Chini yake barafu imekatwa tundu la mstatili, tuseme futi mbili kwa tatu. Ukifunga mlango, maji yaliyo miguuni pako yanawaka rangi ya kijani. Jua linapenya theluji na barafu ya nje na kuyaangaza maji yote kuzunguka kibanda, na kwa kuwa juu yako hakuna mwanga, uso wa maji hauakisi chochote. Unayaona majani ya chini na maganda ya kome, unaona hata mchanga ukitimka. Samaki akiinua macho anaona weusi tu. Waliokulia Kigoma au Mwanza wanajua dagaa huvuliwa usiku, taa ikiwavuta samaki waje juu. Huku tunavua mchana, mwanga tumewaachia samaki na giza tumelichukua sisi.

Tunayemtafuta ni samaki aitwaye paiki wa kaskazini. Ni mwindaji wa kuvizia, hujibanza kando ya majani ya ziwa, na maji ya baridi hayamlazi. Macho yake yako juu ya kichwa na ndiyo yanayomtawala: akiona kitu kinaogelea peke yake, atakuja kutazama. Samaki wa mbao tunamshusha kwa mshipi uliofungwa kwenye kijiti kifupi. Ukiinua kijiti kisha ukakilegeza, anateleza mbele na kuzunguka duara. Paiki mwingine huja kwa kasi akampiga pigo. Mwingine huja taratibu, anasimama karibu naye, mapezi yakitetemeka, na anakaa hapo anamchunguza. Huyo wa pili ndiye tunayemchongea, kwa sababu ndiye anayekubali kutazamwa.

Na kuna mengi ya kutazama. Katika baadhi ya maziwa ya jimbo hili anaishi pia muski, ndugu yake paiki, ambaye ni marufuku kumchoma mkuki. Ukiwatazama kutoka juu wanafanana mno. Paiki ana mwili wa kijani iliyokolea wenye madoa meupemeupe. Muski ana mwili wa rangi hafifu wenye mistari au madoa ya giza. Ncha za mkia wa paiki ni za mviringo, za muski zimechongoka. Mfundisheni kijana wenu mambo hayo mawili kabla hamjampa mkuki mkononi, na mwambieni wazi kwamba akiwa na shaka, mkono ubaki ulipo.

Halafu urefu. Tangu 2018 Minnesota imegawa uvuvi wa paiki katika kanda tatu. Katika kanda kubwa ya kati-kaskazini, paiki wa inchi 22 hadi 26 wanalindwa. Sisi wa mkuki tumepewa nafuu, ila nafuu yenyewe ni ya samaki mmoja tu wa urefu huo. Sasa mtu aliyeinama gizani atapimaje inchi 22 za samaki aliye hai? Katika kundi letu samaki mkubwa wa mbao tunamchonga inchi 11 kamili, pua hadi mkia. Paiki akija kusimama ubavuni pake, kina kilekile, unamlinganisha: akiwa mara mbili, tayari amefika 22. Nasisitiza kina kilekile, kwa sababu samaki aliye juu zaidi ataonekana mkubwa kuliko alivyo. Hii ndiyo maana sichoki kusema kwamba kuchonga na kutii sheria ya ziwa ni kazi moja.

Basi tuchonge.

Mti wetu ni mwerezi mweupe. Msonobari laini nao unafaa. Uwe mkavu kabisa, usio na vifundo, na nyuzi zake zikimbie kutoka kichwani hadi mkiani. Chora umbo kwa penseli ubavuni na mgongoni, kata kwa msumeno, kisha kisu kifanye kazi. Wanaoanza hutaka kuchonga magamba na mdomo. Acheni kwanza. Umbo ndilo linaloogelea: mwili mnene mbele, unaopungua kuelekea nyuma, na mkia uliopinda kidogo upande mmoja. Upinde huo wa mkia ndio unaomzungusha. Ukizidi, anajizungusha kama pia palepale alipo. Ukipungua, anakwenda moja kwa moja na kugonga ukingo wa barafu.

Mapezi tunayakata kwa mkasi kutoka kwenye bati au shaba nyembamba, tunayatia kwenye mifereji midogo iliyokatwa kwa msumeno na kuyabana kwa gundi isiyoyeyuka majini. Mapezi ya mbele ni kama usukani. Yakiinamishwa ukingo wa mbele, anazama kwa kichwa. Yakiinuliwa kupita kiasi, anapanda kisha anarudi kinyumenyume. Yaacheni yawe laini ya kupindika kwa vidole, maana mtayarekebisha mara nyingi, hata mkiwa kwenye barafu.

Sasa uzito, ambao ndio moyo wa kazi yote. Mti unaelea, kwa hiyo tunachimba shimo tumboni na kulijaza risasi, ile metali nzito inayoyeyushwa. Msichimbe kwa makadirio. Fungeni kwanza vipande vya risasi tumboni kwa mpira au waya, mtieni samaki kwenye pipa la maji, mvisogeze vipande hivyo mbele na nyuma mpaka samaki azame polepole akiwa amelala sawa, kichwa na mkia usawa mmoja. Wekeni alama hapo, ndipo mchimbe. Shimo liwe na mdomo mwembamba na tumbo pana ili risasi ikishaganda isichomoke. Na hapa nawasihi kwa dhati: risasi iyeyushwe nje, penye upepo, watoto wakiwa mbali, na shimo liwe kavu kabisa. Tone la maji likikutana na risasi ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Mvuke wa risasi na vumbi lake ni sumu. Nawa mikono kabla hujagusa chakula.

Mgongoni toboa matundu mawili matatu kwenye kipande cha bati kilichosimama, ili uweze kuufunga mshipi mbele zaidi au nyuma zaidi. Tundu la mbele humfanya apande anapovutwa, la nyuma humlaza. Rangi ije mwisho. Maji maangavu yanataka rangi za asili: mgongo wa giza, tumbo jeupe. Maji ya rangi ya chai yanataka nyekundu na nyeupe, ionekane kwa mbali. Nimeona watu wakibishana juu ya rangi usiku kucha na wote wakapata samaki. Juu ya uzito sijaona ubishi wa namna hiyo, pipa linaamua.

Kwa nini tuchonge na marafiki? Sisi hukutana kwenye gereji ya mwenzetu mmoja, mwenyeji wa huku, seremala mstaafu. Mmoja wetu ana mkono mzuri wa bati, mwingine wa rangi, watoto wanapiga msasa. Lakini faida kubwa iko kwenye pipa. Aliyemchonga samaki humtazama kwa upendo, naye upendo unamficha kasoro. Wenzake wanamwambia: ndugu yangu, huyu analalia ubavu wa kushoto. Anamtoa, anapinda pezi, anamrudisha. Mara ya tatu au ya nne anaogelea, na gereji nzima inashangilia. Ndivyo ujuzi unavyohama kutoka mkono kwenda mkono, na yule seremala mstaafu anasema hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake.

Ujuzi huu una wenyewe, na ningekuwa mkosefu wa adabu nikiondoka hapa bila kuwataja. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, walikuwa wakilala juu ya barafu ya maziwa haya, blanketi kichwani kuzuia mwanga, samaki wa kuchonga mkononi, kabla hakujawa na jimbo linaloitwa Minnesota. Wainuit wa kaskazini ya mbali walichonga wa kwao kwa mfupa na pembe. Huko Lac du Flambeau, Wisconsin, Waojibwe wanachonga mpaka leo, na wengine huwababua samaki wao kwa moto badala ya kuwapaka rangi. Mzungu mmoja wa Cadillac, Michigan, Oscar Peterson, aliyezaliwa 1887 na kufariki 1951, alichonga maelfu na kuwauza kwa bei ya mvuvi wa kawaida. Leo wako katika majumba ya makumbusho.

Haki ya wenyeji kuvua haikupatikana kwa upole. Katika mkataba wa 1837 Waojibwe walitoa ardhi wakabakiza haki ya kuwinda na kuvua humo. Haki hiyo ilipuuzwa kwa vizazi. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliithibitisha kwa Wisconsin, na miaka michache baadaye familia zilizokwenda kuvua kwa mkuki majira ya kuchipua zilitukanwa na kurushiwa mawe pale mashua zinaposhushiwa. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi Waojibwe wa Mille Lacs hapa kwetu. Sisi tumekuja juzi. Tukikaa kwenye tundu letu la barafu na samaki wa mbao, tunatumia elimu ya watu ambao walitukanwa kwa kuifuata, na mimi nataka watoto wetu walijue hilo kabla hawajashika kisu.

Sasa mkuki, kwa ufupi. Ni wa chuma, mzito, una ncha nyingi, kila ncha ina kijino kinachoshika, na una kamba iliyofungwa kwenye kibanda. Haurushwi. Ncha zake huzamishwa majini mapema ili zisipige kelele, kisha unauelekeza nyuma kidogo ya kichwa na kuuachia. Uzito wake unafanya kazi. Lenga samaki aliye chini yako moja kwa moja. Aliye pembeni hayuko pale unapomwona, kwa kuwa maji yanapinda mwanga.

Msimu wa vibanda vya giza hapa huanza Novemba 15 na kwisha Jumapili ya mwisho ya Februari, macheo hadi machweo. Leseni ya mkuki ni ya ziada juu ya leseni ya kawaida. Kanuni hubadilika, someni kijitabu cha mwaka huu.

Wenye hamu ya samaki mkubwa wataniuliza kuhusu sturjoni wa ziwa Winnebago, Wisconsin. Msimu wake huanza Jumamosi ya pili ya Februari, hauzidi siku 16, kila siku mwisho ni saa saba mchana, na idadi iliyopangwa ikifikiwa unafungwa mapema. Mwaka 2010 alitolewa mmoja wa ratili 212, karibu kilo 96. Leseni yake lazima inunuliwe kabla Oktoba haijaisha. Jike wa sturjoni huchukua miaka zaidi ya 20 kabla ya kutaga mara ya kwanza, ndiyo maana wanahesabiwa mmoja mmoja. Binafsi nawashauri mwanze na paiki.

Mwisho ni barafu. Barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa inchi 4 kabla mtu hajatembea juu yake. Barafu nyeupe yenye theluji ndani ina nusu ya nguvu, kwa hiyo unene uwe mara mbili. Piga kwa mtaimbo kila hatua chache, kwa sababu unene wa ufukweni hausemi chochote kuhusu katikati. Vaa jaketi la kujiokoa, ning'iniza shingoni vijiti viwili vya misumari vya kujivutia ukizama, na usiende peke yako. Jiko la gesi ndani ya kibanda linataka tundu la hewa hata kama linaingiza mwanga kidogo. Kaboni monoksaidi haina harufu. Ukihama, tundu lako liwekee matawi ya miti yanayoonekana kwa mbali, maana litaganda juu juu na mtoto wa mtu atapita hapo.

Mbao za mwerezi nimekuja nazo, ziko kwenye sanduku karibu na mlango, zimekwisha kuchorwa umbo. Kila familia ichukue moja. Pipa na risasi viko gereji, hivyo msiyeyushe chochote nyumbani. Chongeni umbo tu, pigeni msasa, mje naye Jumamosi ijayo kabla ya kumpaka rangi. Sasa nawasikiliza, tuanze na maswali ya wazee.