Modeli hii hupita ukaguzi?

Asanteni kwa kuja, na poleni mliosimama huko nyuma.

Mtu anayetafuta gari la familia huniuliza swali moja kuliko yote: "Modeli hii hupita ukaguzi?" Nalipenda swali hilo. Anayeliuliza amefikiria breki kabla ya rangi, na watoto wake wana bahati. Lakini anachopewa kama jibu ni asilimia ya magari yanayopita au kufeli, na ndani ya asilimia hiyo mmejaa mambo ambayo kiwanda hakihusiki nayo. Leo nataka tuifungue.

Kwanza inatoka wapi. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960, kwa magari yaliyofikisha miaka 10 tu, ikiangalia breki, taa na usukani. Mwaka 1967 umri ulikuwa umeshuka hadi miaka 3. Siku hizi matokeo ya ukaguzi wa huko hutolewa hadharani, mamilioni ya rekodi, bila majina ya wenye magari. Ujerumani gari jipya hukaguliwa likiwa na miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na mashirika ya TÜV, ambayo hukagua magari huko, hutoa ripoti ya kila mwaka inayolinganisha modeli rika kwa rika.

Chukueni magari mawili ya modeli moja, yametoka kiwandani wiki moja. Moja lina mwenyewe anayetembea kilomita 6,000 kwa mwaka. La pili ni teksi, kilomita 60,000. Baada ya miaka 5 yako kundi moja la umri, huku moja limetembea 30,000 na mwenzake 300,000. Teksi ikifeli kwa bushi zilizokwisha, ile mipira ya viungo vya magurudumu, kosa linaandikwa kwenye jina la modeli. Sasa mtaelewa kwa nini Porsche 911, gari la kifahari la mwendo kasi, imekuwa mara nyingi juu kabisa ya ripoti ya Ujerumani. Ni gari lililoundwa vizuri, sikatai. Ila pia hulala ndani, hutunzwa kama yai, na hutembea kidogo. Gari la familia halina maisha hayo. Linapanda ukingo wa barabara kila asubuhi mbele ya shule na kubeba watu watano na mizigo juu.

Halafu kuna sababu ya kufeli, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye utajiri. Balbu ya taa ya mbele ikiungua, gari limefeli. Tairi likiwa kipara, chini ya milimita 1.6 kwa sheria za Ulaya, limefeli. Chesisi ikiliwa na kutu hadi kutoboka, limefeli pia. Kwenye jedwali zote tatu ni "limefeli" moja, zina uzito sawa. Lakini balbu ni kazi ya dakika chache, na tairi ni jambo la mwenye gari, ambaye angeweza kuliona kwa kuinama tu. Kutu ya chesisi, springi inayovunjika, boljointi, kiungo cha gurudumu, inayolegea kabla ya wakati: hizo ndizo sauti ya modeli yenyewe. Ukiondoa taa na matairi kwenye hesabu, mpangilio wa modeli unaweza kubadilika, na mara nyingine gari uliloliogopa linapanda juu ya lile ulilosifiwa.

Niwape mfano wa kweli. Katika ripoti ya TÜV ya 2024, kwenye rika la miaka 2 hadi 3, Volkswagen Golf Sportsvan ilikuwa na magari 2 kwa kila 100 yenye kasoro kubwa. Tesla Model 3, ambayo nayo familia nyingi huinunua, ilikuwa ya mwisho kwa asilimia 14.7. Wengi walisoma namba hizo wakafunga kitabu. Lakini kasoro zilizotajwa ni taa, breki na mfumo wa kubeba ekseli. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa kutumia mota, kwa hiyo diski za breki hazisuguliwi vya kutosha, zinaota kutu. Uzito wa betri nao unakandamiza ekseli. Na kuna jingine ambalo mimi naliona zito zaidi: gari lenye sevisi ya lazima kila mwaka linapita mikononi mwa fundi kabla ya mkaguzi, na fundi hurekebisha kimyakimya. Lisilo na ratiba hiyo, anayeligundua tatizo kwanza ni mkaguzi.

Angalieni pia idadi. Magari 100 yakikaguliwa na 80 yakapita, 100 mengine ya modeli ileile yanaweza kutoa 73 au 87 kwa bahati tu. Tofauti ya alama 3 kati ya modeli mbili adimu haina maana yoyote. Na kwenye magari ya zamani, yaliyooza vibaya yameshakwenda kwenye vyuma chakavu. Hayaji kukaguliwa, kwa hiyo hayafeli.

Nilijifunza haya kwa njia iliyoniuma. Niliwahi kununua gari lenye cheti kilichotolewa wiki moja kabla. Baada ya miezi mitatu gurudumu la mbele lilianza kugonga, mke wangu na mtoto wakiwa ndani. Cheti hakikudanganya. Kilisema gari lilikuwa salama siku ile lilipokaguliwa, na mimi nikakisoma kama ahadi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, ninamrudishia maswali. Gari hilo likifika kilomita 100,000, hufeli kwa nini? Ni rekodi za magari mangapi? Na hili moja ulilosimama mbele yake, ukaguzi wake wa nyuma uliandikwa nini pale chini, sehemu ya kasoro ndogo ambazo hazikulifelisha? Hapo ndipo bushi zinazoanza kuchoka hutajwa, mwaka mmoja au miwili kabla hazijaisha. Naona mkono umeinuliwa pale katikati. Karibu, dada.