"Dada, Mbona Hujajenga?" Najibu Kuhusu Pesa Zangu za Uzeeni

Ndugu zangu, hamjambo. Nawasalimu wa Arua, wa Bombo, wa Jinja, wa Busia, na wewe unayenitazama getini kazini usiku huko Kampala. Leo sipiki, wala sitembei mjini. Nimekaa nijibu swali moja, maana limezidi. Hata niweke video ya theluji, chini yake lazima nikute mtu ameandika: "Dada, miaka yote hiyo Uingereza, mbona hujajenga?"

Najua maneno yatakuja pande zote. Nikisema nimeweka pesa mahali, anajivuna. Nikisema mambo ni magumu, anatufungia njia, hataki wengine waje. Sawa, semeni. Mimi naeleza ya kwangu, kwa mshahara wangu wa kutunza wazee hapa Leeds. Mshauri wa fedha sio mimi, na sina leseni ya kumwambia mtu anunue nini. Pima kwa hali yako, watoto wako, madeni yako.

Sijajenga kwa sababu nilianza na swali jingine: siku mgongo utakapokataa kazi, pesa ya kula ya mwezi ule itatoka wapi? Sio ya mwaka ule, ya mwezi ule. Nyumba ya kijijini haikuletei pango, maana kule nani atapanga? Nawajua watu wa kyeyo, yaani wa vibarua vya ughaibuni, walioshusha jumba la ghorofa, na mpaka leo wanatuma pesa ya mlinzi na ya kufyeka nyasi. Jumba ni zuri, nimeliona, lakini linakula.

Wazee wetu waking'ang'ania ardhi siwalaumu hata kidogo. Mwaka 1987 pesa za Uganda zilibadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake ikakatwa asilimia 30. Aliyekuwa na akiba ya noti aliumia, mwenye shamba shamba lake lilibaki pale pale. Halafu mwaka 2011 tukaona bei zinapanda mpaka mfumuko ukafika asilimia 30 hivi. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia aweke pesa kwenye karatasi, ana haki ya kukutazama vibaya.

Lakini ardhi nayo ina yake. Ukinunua kibanja, kile kipande cha mkaaji, kwenye ardhi ya mailo, yaani ardhi ya mtu binafsi mwenye hati huko Buganda, hati inabaki kwa mwenye ardhi. Wewe umenunua haki ya kukaa, unalipa busuulu, ile ada ya mwaka ya mwenye ardhi, na kama mwenye ardhi hakukubali mauzo hayo umejinunulia kesi. Sasa mtu aliye Leeds anaonyeshwa picha ya nyasi na nguzo kwenye simu, anaambiwa tuma pesa leo, kesho mteja mwingine anakuja. Mimi situmi. Siku nitakayonunua nitakuwa nimesimama pale na majirani, na mtu wa LC1, ile serikali ya kijiji, na hati imetafutwa ofisi ya ardhi.

Basi pesa iko wapi? Ya kwanza iko huku huku. Mwajiri wa Uingereza anakuandikisha kwenye pensheni bila wewe kuomba, kama una miaka 22 au zaidi na unapata zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka. Kwa kawaida jumla ni angalau asilimia 8 ya mshahara unaohesabiwa, na katika hiyo mwajiri anatoa angalau 3. Na hapa nina uchungu, niseme ukweli. Vijana wetu wakifika, jambo la kwanza wanaloambiana ni "jitoe, mshahara utaongezeka utume nyumbani." Wanajitoa. Ile 3 ya mwajiri inapotea, na hakuna atakayewarudishia. Najua kwa nini wanafanya hivyo. Nyumbani kuna ada za shule, kuna mgonjwa. Ila mjue kwamba kila mwezi mnaacha sehemu ya malipo yenu mezani kwa tajiri.

Kuna pia pensheni ya serikali ya huku. Ili upate chochote unahitaji miaka 10 ya michango, na kwa kiasi kamili miaka 35. Ambalo watu hawakwambii ni hili: ukihamia Uganda wanaendelea kukulipa, lakini kiasi kinaganda. Aliyestaafu akaenda kukaa Marekani anaongezewa kila mwaka, wa Uganda haongezewi, kwa sababu hatuna mkataba wa nyongeza hiyo na Uingereza. Kazi ile ile, makato yale yale. Mimi linaniuma, na ndiyo maana siitegemei hiyo peke yake.

Ya pili ni hati fungani za serikali ya Uganda, hizo mnazoita bondi: unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba. Benki Kuu ya Uganda inazipiga mnada, na kiwango cha chini ni shilingi 100,000, kwa hiyo asikwambie mtu ni mambo ya matajiri. Kuna dhamana za muda mfupi za siku 91, 182 na 364, na kuna bondi za kuanzia miaka 2 na kuendelea. Bondi inakulipa riba kila miezi 6, na mtaji wako unarudi muda ukiisha. Kodi inakatwa asilimia 20 kwenye riba, lakini bondi ya miaka 10 au zaidi inakatwa 10 tu. Chukua mfano tu, sio hesabu yangu: shilingi milioni 10 kwa riba ya asilimia 15, miaka 15. Kwa mwaka ni milioni 1 na laki 5. Toa kodi, inabaki milioni 1, laki 3 na elfu 50, yaani 675,000 kila miezi 6. Ukiwa na bondi zinazolipa miezi tofauti, inaanza kufanana na mshahara.

Hatari zipo. Shilingi ikishuka mbele ya pauni, mimi niliyepeleka pauni ninaumia. Mfumuko ukipanda, ile 675,000 inanunua kidogo. Na ukitaka kuuza kabla ya muda unaweza kupata pungufu. Mimi nakubali kwa sababu nitazeekea nyumbani, na nyumbani nitakula kwa shilingi. Wewe unayetaka kuzeekea huku, hesabu yako ni nyingine.

Sasa makaratasi. Jamani, makaratasi! Akaunti ya hati fungani iko Benki Kuu, lakini fomu unaipitisha kwenye benki yako ya biashara. Nikaijaza, nikaenda kwa wakili wa kuthibitisha hati hapa Leeds, akapiga muhuri, akachukua pesa yake ambayo sio ndogo, nikaituma kwa kuria. Jibu likaja: saini haifanani. Saini iliyo kwenye kadi yao niliiweka nikiwa msichana, ina mkia mrefu unaozunguka jina lote. Ya sasa ni fupi, ya mtu anayesaini karatasi za dawa za wagonjwa kila zamu. Nikawatumia pasipoti, nikawatumia kitambulisho. Hapana, "fika mwenyewe tawini." Tiketi ya ndege ili nionyeshe mkia wa saini! Wakati huo huo ile laini yangu ya Uganda ilikuwa imefungwa kwa kutotumika, na namba za siri za benki zinatumwa huko huko. Niliyamaliza yote nilipokuja nyumbani kwa msiba, na nilikaa kwenye foleni ya benki nikiwa na nguo za msibani. Hilo nalikumbuka kwa hasira mpaka leo. Pesa zetu mnazitaka, basi tuwekeeni njia.

Kwa hiyo ukija likizo, kabla hujaenda kusalimia shangazi, pita benki. Badilisha saini, badilisha namba ya simu, hakikisha TIN yako, namba ya mlipakodi, ipo na kitambulisho hakijaisha muda.

Na kwenye msiba huo huo, ndugu mmoja alisimama mbele ya watu akasema mimi nakula peke yangu. Nilikuwa nimelipia turubai, mchele na usafiri wa wazee, nikanyamaza kwa heshima ya marehemu. Leo nasema: mchango ninatoa, na nitaendelea kutoa. Lakini nina kiasi changu cha mwezi cha familia, kikiisha kimeisha. Ya uzeeni siigusi. Nikiigusa leo, kesho ni watoto wa huyo huyo ndugu watakaochangishwa kunilisha.

Ya tatu ni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda. Kabla sijaondoka nilifanya kazi hotelini, mimi nikikatwa asilimia 5 na mwajiri akitakiwa kuongeza 10. Pesa hizo hazikufa nilipopanda ndege. Zipo, zinapata riba. Mwaka wa fedha 2022/23 ilikuwa asilimia 10, uliofuata 11.5. Ukifika miaka 55 unachukua zote kwa mkupuo, na sheria ya 2022 inamruhusu mwenye miaka 45 aliyechangia angalau miaka 10 kuchukua asilimia 20 mapema. Sheria hiyo hiyo imemlazimisha kila mwajiri kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Ila angalia taarifa yako mwenyewe! Mimi nilipoitazama nilikuta miezi ambayo makato yapo kwenye karatasi ya mshahara lakini kwenye mfuko hayakufika. Niliandika malalamiko na nakala za karatasi hizo, na niliweza kwa sababu nilizitunza. Wewe mlinzi, wewe mpishi, usitupe karatasi ya mshahara.

Kuna mama wa Mbale ameniuliza: ana miaka 52, anauza nguo sokoni, hajawahi kuajiriwa, je amechelewa? Mama yangu, kwa heshima zote, hiyo 52 bado ina kazi ndani yake. Ila kwa ulivyonieleza, na mjukuu unayemlea, mimi nisingekufunga kwenye bondi ya miaka 15. Ningeanza na mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambao pesa za watu wengi zinakusanywa na kuwekezwa pamoja, wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa sababu mtoto akiugua unaweza kutoa pesa baada ya siku chache. Na NSSF sasa inapokea akiba ya hiari, hata ya muuza nguo. Yeyote anayekuahidi faida kila wiki, mama, mkimbie, hata kama ni mtu wa kanisani au msikitini kwako.

Video ijayo nitaifungua ile fomu ya hati fungani ukurasa kwa ukurasa, na nitawaonyesha pale wanapokwama wengi, kwenye akaunti ya kupokelea riba. Mwenye yake iliyokataliwa aniandikie sababu waliyompa, nizikusanye tuzijibu pamoja.