Toruń: mji wa matofali mekundu kando ya mto Wisła

Habari zenu wapendwa, popote mnaponitazama, Tanga, Dar, Mombasa, karibuni tena! Leo nimewaleta Toruń, kaskazini mwa Polandi.

Huo mto nyuma yangu ndio Wisła. Unaanzia milimani kule kusini, unamwaga maji Bahari ya Baltiki. Zamani nafaka ziliteremshwa humu kwa mashua hadi bandari ya Gdańsk, na wafanyabiashara wa hapa katikati wakatajirika. Tazameni maghala, nyumba, makanisa: tofali jekundu tupu, na mengi ni ya karne na karne, maana Vita Kuu ya Pili haikuuvunjavunja mji huu kama ilivyofanya Warszawa, mji mkuu. Tangu 1997 UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia.

Njooni huku sasa. Haya magofu yalikuwa ngome ya Wateutoni, wale wapiganaji wa msalaba walioupa mji hati yake mwaka 1233. Aliyeibomoa si adui wa mbali. Mwaka 1454 wenyeji wenyewe, walipochoka kutawaliwa nao, waliivamia wakaivunja. Mimi hapa napapenda kuliko kote Toruń, kwa sababu wameyaacha magofu vilevile, hawakuijenga upya. Ule mnara uliobaki mzima mnajua ulikuwa wa nini? Choo! Waliujenga pembeni, juu ya kijito, uchafu uangukie majini moja kwa moja.

Mnara mwingine ni huu uliopinda. Ulijengwa wima kama minara mingine ya ukuta, udongo chini ukatitia, sasa umeinama kama mita moja na nusu. Watu husimama hivi: mgongo na visigino ukutani, mikono mbele. Ukianguka, wanasema una dhambi. Jamani, ukuta wenyewe unakusukuma!

Copernicus, aliyeandika kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, alizaliwa mji huu mwaka 1473. Sanamu yake ipo uwanjani, mbele ya jumba la kale la halmashauri.

Lakini ngojeni niwaoneshe pierniki. Ni keki za asali, tangawizi, mdalasini na karafuu. Viungo vilitoka mbali sana, asali na unga vikatoka mashamba ya hapa. Kwenye jumba lao la makumbusho unakanda donge mwenyewe. Ni zito, linanata vidoleni, kisha unalikandamiza kwenye kibao cha mti kilichochongwa umbo la moyo au farasi. Likitoka oveni, chumba kizima kinanukia kama jikoni siku ya kupika pilau.

Walioko Warszawa kwa masomo, treni inawafikisha kwa chini ya saa tatu hivi. Mkishuka kituo cha Toruń Miasto, mji mkongwe uko karibu. Ila mimi nashauri mshuke Toruń Główny, ng'ambo ya mto, mvuke daraja kwa miguu, muuone mji wote umejipanga ukingoni.